Nyumba ya Makasisi ya Alfriston: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ujenzi Wake

Alfriston ni kijiji kidogo cha Sussex Mashariki, kusini mwa England, kwenye bonde la mto Cuckmere. Pembeni mwa uwanja wa kijiji, hatua chache kutoka Kanisa la Mtakatifu Andrea, ipo nyumba ya zamani yenye paa kubwa la kuezekwa na kuta nyeupe zilizokatwa na mbao zilizosimama wima. Wanafunzi wa usanifu majengo, mafundi seremala, na Waswahili wanaoishi Uingereza wanaotafuta pa kutembea mwisho wa wiki huuliza maswali yanayofanana kuihusu. Majibu ni haya. Yanayohusu mbao na moshi yamekuwa marefu, kwa sababu bila hayo mawili nyumba hii haieleweki.

Ina umri gani?

Ni ya karne ya 14. Maandishi mengi yanataja mwaka 1350 hivi, na wapo wanaoisogeza mbele hadi kukaribia 1400. Kwa vyovyote, ni nyumba ya kizazi kilichonusurika tauni kuu ya 1348 na 1349, iliyoua kati ya theluthi na nusu ya watu wa England. Watu walipopungua, vibarua wakawa adimu na ujira ukapanda. Mashamba yaliyobaki bila wenyewe yakaangukia mikononi mwa waliokuwa hai, na mkulima wa kawaida wa Sussex au Kent akaweza, kwa mara ya kwanza, kumlipa fundi hodari amjengee nyumba ya kudumu. Nyumba za mbao za namna hii zilizobaki hadi leo kusini mashariki mwa England ni matunda ya hali hiyo. Kabla ya hapo mkulima alikaa kwenye kibanda ambacho mwanawe alilazimika kukijenga upya.

Si kila ubao una umri huo. Nyumba imeishi zaidi ya miaka 600, na kila karne ilibomoa kidogo na kuongeza kidogo.

Kweli ilijengwa kwa ajili ya padri?

Umbo lake ni la nyumba ya mkulima mwenye uwezo, na kwa sababu hiyo wapo wanaosema kwamba mapadri waliikuta tayari imejengwa. Lakini umbo peke yake halithibitishi jambo hilo. Padri wa kijijini wa enzi zile alikuwa nusu mkulima. Mapato yake yalikuwa zaka: sehemu ya kumi ya nafaka, wanakondoo, sufu, mayai. Juu ya hapo alikuwa na kipande cha ardhi ya kanisa alicholima mwenyewe au kukikodisha. Alihitaji ghala, stoo, na ukumbi wa kukutana na watu. Kwa hiyo hata fundi aliyeagizwa kujenga nyumba ya padri angejenga nyumba ya mkulima, maana ndiyo aliyoijua na ndiyo iliyofaa.

Tofauti kubwa ilikuwa familia. Padri wa wakati huo hakuoa. Bunge la England liliruhusu makasisi kuoa mwaka 1549, baada ya nchi kuachana na Roma, na kuanzia hapo nyumba za makasisi zikajaa wake na watoto. Zile za zamani zikaanza kuonekana finyu.

Mpango wake ukoje?

Ni wa aina inayoitwa nyumba ya Weald, kwa jina la eneo la misitu na mashamba lililo kati ya safu mbili za vilima vya chaki, kaskazini na kusini.

Katikati kuna ukumbi mmoja, hauna dari, uko wazi kutoka sakafuni hadi kwenye mwamba wa paa. Huu ndio moyo wa nyumba: hapa watu walipika, walikula, walifanya kazi, na wengine walilala. Kila upande wa ukumbi, kwa mpango wa kawaida, kuna sehemu ya ghorofa moja. Upande wa heshima ulikuwa na chumba cha faragha cha mwenye nyumba, na juu yake chumba cha kulala. Upande wa pili ulikuwa wa huduma, na mara nyingi uligawanywa vyumba viwili vidogo, kimoja stoo ya vinywaji, kingine stoo ya mikate na vyakula vikavu. Kati ya ukumbi na stoo kulikuwa na ujia unaokatiza nyumba, mlango mbele na mlango nyuma.

Kwa hiyo hata kuketi kulikuwa na mpangilio. Mgeni aliingia upande wa chini, penye upepo wa mlangoni na pitapita za watumishi, na mwenyeji akakaa mwisho wa pili wa ukumbi, mezani, mgongo ukielekea chumba chake. Mpango huu uko kwenye majumba ya kifalme ya wakati ule pia. Kilichotofautiana ni ukubwa na mapambo.

Sasa simama nje uitazame. Ghorofa za pembeni zimechomoza mbele kuliko chumba cha chini yake, kwa sababu boriti za sakafu ya juu zimepitishwa nje ya ukuta na ukuta wa juu umekaa kwenye ncha zake. Ukumbi wa katikati hauna ghorofa, kwa hiyo hauna kilichochomoza, na unaonekana umerudi ndani. Lakini paa ni moja na limenyooka kutoka mwisho hadi mwisho. Basi mbele ya ukumbi paa linabaki limening'inia bila ukuta chini yake, na fundi amelishikilia kwa mikono ya mbao iliyopinda inayotoka kwenye kona za sehemu za pembeni. Ukiona mikono hiyo miwili iliyojipinda chini ya ukingo wa paa, popote Kent au Sussex, umeitambua nyumba ya Weald hata kabla ya kuuliza.

Moshi ulipita wapi, kama hapakuwa na bomba?

Juu. Moto uliwaka sakafuni, karibu na katikati ya ukumbi. Moshi ulipanda, ukajikusanya chini ya paa, kisha ukachujika taratibu kupitia nafasi za maezeko au matundu yaliyoachwa kwenye ncha za paa. Ndiyo maana ukumbi haukuwekewa dari: urefu ule ulikuwa nafasi ya moshi. Ukumbi mfupi ungewafukuza watu nje.

Watu wa leo huona ni maisha ya taabu, na macho bila shaka yalichoma. Lakini mfumo ulifanya kazi. Kuni kavu hutoa moshi mchache, moshi hukaa juu ya vichwa vya waliokaa, na ukipita kwenye maezeko hufukuza wadudu. Nyama iliyotundikwa juu ilikauka kwa moto huohuo. Tena paa lenye masizi ni ushahidi mzuri kwa mchunguzi wa majengo. Anapanda darini na tochi: akikuta makombamoyo, yaani miti ya paa inayoteremka kutoka juu hadi ukutani, ni meusi, anajua chini yake palikuwa na moto wa wazi, hata kama leo pana chumba cha kulala na zulia.

Karne ya 16 na ya 17 mabomba ya matofali yalienea vijijini. Palipo na bomba hakuna haja ya urefu, kwa hiyo kumbi nyingi ziliwekewa dari na kupata vyumba vya juu. Alfriston nayo ina bomba, lakini limeongezwa baadaye, si la fundi wa kwanza.

Madirisha?

Awali hayakuwa na vioo. Kioo kilikuwa ghali, cha makanisa na matajiri wakubwa. Dirisha la nyumba kama hii lilikuwa uwazi wenye vijiti vinene vya mbao vilivyosimama wima, na ndani kulikuwa na kibao cha kufungia usiku au upepo ukizidi.

Fremu ya mbao ilijengwaje?

Hapa ndipo penye ustadi wote wa nyumba hii, na ningemshauri fundi yeyote wa mbao apasome mara mbili.

Mbao ni mwaloni, na uliwekwa ukiwa mbichi. Mwaloni uliokauka miaka mingi ni mgumu kiasi cha kutoa patasi makali, ila mbichi unachongeka vizuri kwa shoka, tezo na msumeno. Fundi aliuchagua mti ukiwa bado umesimama. Tawi lililopinda lilikuwa na thamani yake, kwa sababu mkono wa mbao uliopinda kiasili una nguvu kuliko ule uliokatwa upinde kutoka kwenye ubao ulionyooka.

Fremu haikuanzia mahali pa nyumba. Ilichongwa kwenye kiwanja cha fundi, ikalazwa chini upande mmoja mmoja, kila kiungo kikajaribiwa. Kila ubao una ulimi unaoingia kwenye tundu la mwenzake, na kiungo kinatobolewa kwa kekee kisha kinafungwa kwa kigingi cha mwaloni. Hakuna msumari unaobeba uzito. Kabla ya kuibomoa na kuisafirisha, fundi alikwaruza alama kwenye kila kiungo, mistari inayofanana na namba za Kirumi, ili ubao wenye mistari mitatu ukutane na tundu lenye mistari mitatu siku ya kusimamisha. Alama hizo bado zinasomeka kwenye nyumba nyingi za zama hizo.

Kisha mti hukauka ukiwa tayari ukutani. Unasinyaa, unajikunja, na vigingi vinabanwa zaidi. Huku kujikunja ndiko kunakozipa nyumba hizi mistari isiyonyooka ambayo wageni hupenda kuipiga picha wakidhani nyumba inaanguka. Haianguki. Imekaa.

Kwenye paa, boriti nene inakatiza ukumbi kutoka ukuta hadi ukuta ili kuzizuia kuta zisisukumwe nje. Katikati ya boriti hiyo inasimama nguzo fupi, na juu ya nguzo unapita mti mrefu unaofuata urefu wa nyumba, ukishika vipande vinavyounganisha kila jozi ya makombamoyo. Nguzo hiyo ilionekana na kila aliyeketi ukumbini, kwa hiyo mafundi waliipamba. Wanafunzi waliozoea kenchi za kisasa watagundua haraka kwamba paa la namna hii halina pembetatu zilizokazwa kama wanavyozijua. Linategemea wingi wa makombamoyo na uzito wenyewe.

Kuta ni za nini?

Udongo. Kati ya nguzo na nguzo mafundi walisimamisha fito za mwaloni, wakazisuka kwa vijiti laini, mara nyingi vya mti wa hazeli, kisha wakakandika pande zote mbili kwa mchanganyiko wa udongo, mabua yaliyokatwakatwa na samadi ya ng'ombe. Ulipokauka ukapakwa chokaa. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya fito na udongo, iwe Tanga au Kilifi, hahitaji kuelezwa zaidi: kazi ni ileile, na hata sababu za kuweka samadi ni zilezile, udongo ushikane na usipasuke.

Jambo la kukumbuka ni kwamba udongo haubebi kitu. Uzito wote wa paa uko kwenye fremu. Paneli ikiharibika unaibomoa na kuikandika upya bila nyumba kutikisika, na ndiyo siri mojawapo ya umri wake.

Adui ni saruji. Chokaa inapumua, maji yakiingia yanapata njia ya kutoka. Ukipiga plasta ya saruji juu ya fremu ya mwaloni, maji yanafungiwa ndani na mti unaoza kimyakimya nyuma ya ukuta unaopendeza. Nyumba nyingi za zamani Uingereza zimeumizwa hivyo katika karne ya 20, na watu waliofanya hivyo walidhani wanazilinda.

Ni kweli sakafu imetengenezwa kwa maziwa?

Kwa chaki na maziwa. Vilima vinavyozunguka Alfriston ni vya mwamba wa chaki, mweupe na laini. Mabonge yake yalipondwa, yakamwagwa, yakashindiliwa hadi yakawa sakafu ngumu, kisha yakapakwa maziwa yaliyochacha. Maziwa hayo huziba vumbi la chaki na kuipa sakafu uso laini. Ni desturi ya zamani ya Sussex, na sakafu ya ukumbi wa Alfriston imetengenezwa hivyo. Ukiingia, inama uiangalie kwa karibu. Ina rangi ya maziwa ya zamani na mawimbi madogomadogo, na chembe za mwamba bado zinaonekana.

Maezeko yanadumu muda gani?

Inategemea. Matete ya majini yanaweza kupita miaka 40, mabua ya ngano hudumu pungufu ya hapo, na tuta la juu kabisa linahitaji kurudiwa mapema zaidi kwa sababu ndilo linalopigwa na hali ya hewa. Mteremko ni mkali ili maji ya mvua yakimbie kabla ya kuzama. Kingo zimeshuka chini na kutokeza mbele ya ukuta, maana nyumba hizi hazikuwa na mifereji: ukingo ndio uliotupa maji mbali na udongo.

Ilifikaje hatua ya kutaka kubomolewa?

Kwa njia ya kawaida kabisa. Makasisi walihamia nyumba bora zaidi, na hii ikapangishwa. Kufikia karne ya 19 ilikuwa makazi ya vibarua wa mashambani, imegawanywa, imechoka, na hakuna mtu wa kulipia paa. Mamlaka za kanisa zilikuwa zimeshakubali ibomolewe.

Aliyesimama kuitetea ni kasisi wa kijiji mwenyewe, F. W. Beynon. Alikiandikia Chama cha Kulinda Majengo ya Kale, kilichoanzishwa mwaka 1877 na William Morris, mshairi na mbunifu wa mapambo, na wenzake, na chama hicho kikampeleka kwa taasisi changa kabisa ya kutunza ardhi na majengo ya urithi, National Trust. Taasisi hiyo ilikuwa imeanzishwa Januari 1895 na watu watatu: Octavia Hill, mama aliyetumia maisha yake kuboresha makazi ya maskini wa London, Robert Hunter, mwanasheria, na Hardwicke Rawnsley, kasisi wa Lake District, eneo lenye maziwa mengi ya maji baridi kaskazini mwa England. Mwaka 1896 wakainunua nyumba kwa pauni 10.

Bei hiyo ilikuwa ya jina tu. Gharama halisi ilikuwa matengenezo, yaliyohitaji mamia ya pauni, na Octavia Hill alilazimika kuandika barua za kuomba michango huku na kule. Mimi naliona hilo kuwa jambo kubwa kuliko bei inayotajwa kila mahali. Wakati huo kilichohesabiwa kuwa urithi ni makanisa makuu na ngome. Mama huyu, aliyejua vyema nyumba mbovu inavyoonekana, aliomba watu watoe fedha kwa ajili ya nyumba ya udongo ya kijijini.

Kwa hiyo ndiyo mali ya kwanza ya National Trust?

Ndilo jengo la kwanza. Mali ya kwanza kabisa ni Dinas Oleu, kipande cha mlima juu ya bahari huko Barmouth, Wales, kilichotolewa zawadi mwaka 1895 na Fanny Talbot. Sheria ya mwaka 1907 iliipa taasisi uwezo wa kutangaza mali zake kuwa haziuziki, zisiweze kuondoka mikononi mwake bila idhini ya Bunge.

Ilikarabatiwa vipi?

Na msanifu Alfred Powell, kwa falsafa ya chama cha Morris: tengeneza, usirudishe. Katika karne ya 19 wasanifu wengi walipopewa jengo la kale walikwangua kila kilichoongezwa baadaye na kulijenga upya jinsi walivyodhani lilikuwa, na kilichotoka kilikuwa jengo jipya lenye mavazi ya kale. Morris na wenzake walikataa jambo hilo kwa nguvu. Waliamini kila kizazi kilichopita ndani ya jengo kina haki ya kubaki humo, na kiraka kipya kionekane ni kiraka. Ubao uliooza ncha, kata ncha, uunge kipande kipya, uache uliobaki.

Falsafa hiyo ina gharama yake. Nyumba haionekani jinsi ilivyokuwa mwaka 1400, na mgeni anayetaka picha safi ya zama za kati hatoridhika. Mimi nawaunga mkono. Ubao wa kale ukishatupwa haurudi, na hata makosa ya waliotangulia yanatueleza walivyoishi.

Jani la mwaloni lililochongwa ndani lina maana gani?

Kwenye kona ya ukumbi, juu, pana jani la mwaloni lililochongwa kwenye mbao. Nembo ya National Trust, iliyochaguliwa miaka ya 1930, ni jani la mwaloni, na wengi hupenda kuamini kwamba ilitoka hapa. Inawezekana, ila haijathibitishwa, na mwaloni ni mti wa taifa zima la England. Jani lenyewe ni kazi nzuri, nembo au si nembo.

Nitafikaje?

Stesheni ya treni iliyo karibu ni Berwick ya Sussex, kwenye njia ya kati ya Lewes na Eastbourne. Angalia vizuri tiketi yako, kwani ipo Berwick nyingine mbali sana, mpakani na Scotland. Kutoka stesheni hadi kijijini ni kilomita nne au tano. Nyumba ni ndogo na vyumba vya kuona ni vichache, kwa hiyo panga kutembelea na kanisa lililo jirani. Nalo ni la karne ya 14, limejengwa kwa jiwe la gumegume, na ukilitazama pamoja na nyumba utaona jinsi watu wa wakati mmoja walivyogawanya vifaa vyao: jiwe kwa ajili ya ibada, mbao na udongo kwa ajili ya kuishi. Saa za kufungua hubadilika kwa msimu, zihakikishe kwenye tovuti ya National Trust kabla ya kutoka nyumbani.

Kuna nyumba nyingine za kulinganisha nayo?

Zipo, na ulinganisho unafundisha kuliko maelezo. Muchelney, Somerset, ina nyumba ya padri ya mwaka 1308, ya mawe, nayo iko chini ya National Trust. West Dean, si mbali na Alfriston, ina nyumba ya kasisi ya karne ya 13 ambayo kuta zake ni za mawe pia, kwa hiyo si kweli kwamba Sussex yote ilijenga kwa mbao. West Hoathly, kaskazini mwa Sussex, ina nyumba ya karne ya 15 ya fremu ya mbao iliyoezekwa kwa mabamba mazito ya mawe ya Horsham, na leo ni makumbusho.

Kwa anayetaka kuelewa ukumbi wenye moto, nyumba ya kutazama ni Bayleaf, ya Weald kama Alfriston. Ilitoka Chiddingstone, Kent, ikafunguliwa ubao kwa ubao miaka ya 1960 kwa sababu bonde lake lilikuwa linageuzwa bwawa la maji, ikasimamishwa upya kwenye makumbusho ya wazi ya Singleton, Sussex Magharibi. Ukumbi wake umepangwa kama unaokaliwa, meza upande wa juu na mahali pa moto sakafuni. Ukiweza kuzifikia zote mbili, anza na Alfriston, uone nyumba iliyobebeshwa karne zake zote, kisha uende Singleton.